Simu Inayokisia Kisukari, na Mama Anayeulizwa



Maradhi ya kisukari yamekuwa mgeni asiyebisha hodi katika nyumba zetu. Ni nadra siku hizi kukuta ukoo usiokuwa na mzee anayemeza vidonge vya sukari, au shangazi aliyepungukiwa na nuru ya macho, au jirani anayepelekwa kusafishwa figo kila wiki. Wengi wao hawakujua kuwa wanaumwa mpaka maradhi yalipokwisha kuharibu kiungo. Kwa sababu hiyo wataalamu wamebuni vyombo vya kukisia: maswali machache yanatiwa katika simu, kisha simu inasema kama mtu huyu yu karibu na kisukari ama yu mbali nacho.

Jambo hili si la Ulaya peke yake tena. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wa afya wa jamii, wapatao laki moja nchi nzima, mikoba yenye kipima sukari, kipima presha na simu ya kuandikia habari za nyumba wanazozitembelea. Simu ikishakuwa mkononi mwa mhudumu, hatua ya kuitia hesabu ya kukisia maradhi ni fupi sana. Yafaa basi tujue chombo hiki ni kitu gani, na ni nani anayepaswa kukijaribu kabla hakijatuingilia majumbani.

Kwanza tuondoe shaka moja. Mwislamu akisikia kwamba simu inatabiri, moyo wake huingiwa na wasiwasi: je, hii si ramli iliyovishwa nguo mpya? Jawabu ni kwamba sivyo. Mpiga ramli hudai kuijua ghaibu, na ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu pekee. Chombo hiki hakidai hivyo. Nahodha wa jahazi anapoona wingu limejikusanya akaamuru tanga lishushwe, hajasema kwamba anajua Mola atafanya nini. Amezisoma dalili ambazo wazee wake walizizoea, akachukua hadhari. Wanazuoni wetu huiita hali hii dhana yenye nguvu, nayo ni daraja iliyo chini ya yakini. Simu inayosema kuwa mama fulani ana uwezekano wa mtu 1 kati ya 6 inasema hivi tu: wakikusanywa wanawake sita wanaofanana naye kwa umri, uzani na nasaba, kwa kadiri ya uzoefu mmoja wao ataugua. Haisemi kwamba ni yeye.

Mfano ulio mashuhuri zaidi wa vyombo hivi ulizaliwa Finland, nchi ya baridi na theluji. Mwaka 2003 wataalamu Jaana Lindström na Jaakko Tuomilehto walichapisha kipimo kinachojulikana kwa jina la FINDRISC. Hakihitaji sindano wala damu. Kina maswali manane: umri; uzani ukilinganishwa na urefu; mzunguko wa kiuno; kama mtu huushughulisha mwili wake kwa muda wa nusu saa kila siku; kama hula mboga au matunda kila siku; kama amewahi kutumia dawa za presha; kama amewahi kuambiwa kuwa sukari yake imepanda; na kama kuna mwenye kisukari katika jamaa zake. Kila jibu lina alama zake, na jumla ya alama zote ni 26. Aliye chini ya 7 hukisiwa kuwa katika kundi ambalo mtu 1 kati ya 100 ataugua ndani ya miaka 10. Kuanzia 7 hadi 11 ni 1 kati ya 25; 12 hadi 14 ni 1 kati ya 6; 15 hadi 20 ni 1 kati ya 3; na aliyepita 20 ni 1 kati ya 2. Finland walikipenda kwa sababu ni rahisi, na watu wengi walikijaza wenyewe kwa kalamu na karatasi.

Sasa tukichukue chombo hicho tukipeleke Nairobi.

Kibera na Kawangware ni miongoni mwa mitaa ambako watafiti hupeleka vyombo vya namna hii vikajaribiwe. Kibera si mahali pageni kwetu. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Waingereza, walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Makina pana msikiti wao, na adhana husikika juu ya mabati ya nyumba za watu wa kila kabila. Kawangware iko Dagoretti, upande wa magharibi wa jiji, jirani na majumba makubwa ya Lavington, ambako akina mama wengi wa mtaa huo hutembea asubuhi kwenda kufua na kupika. Vijana wetu kutoka Mombasa, Malindi na Lamu waliokwenda kutafuta riziki wamepanga vyumba katika mitaa kama hiyo. Tena kuna jambo la pili linalotuhusu: chombo kilichokwisha kusifiwa Nairobi huletwa pwani kikiwa kimeshakamilika, na sisi hatuulizwi.

Natuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 48 anakaa Kawangware. Kiuno chake ni sentimita 92, na uzani wake umezidi kidogo kadiri ya urefu wake. Kwa umri anapata alama 2, kwa kiuno 4, kwa uzani 1. Hutembea saa nzima kwenda kazini, basi hapo ni sifuri. Sukuma wiki hula kila siku, sifuri tena. Hajawahi kutumia dawa za presha. Hajawahi kuambiwa kuwa sukari yake imepanda. Hajui mtu wa kwao aliyekuwa na kisukari. Jumla ni 7, na simu inampa habari njema: mtu 1 kati ya 25.

Lakini tuyatazame upya majibu yake mawili ya mwisho. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulikuta kwamba takriban watu wazima 88 kati ya kila 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Huyu mama hajaambiwa kuwa sukari yake imepanda kwa sababu hapana aliyeipima. Na mama yake mzazi alifariki kijijini baada ya kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Watu wakasema amerogwa, wengine wakasema ni uzee. Kama marehemu alikuwa na kisukari, binti anastahili alama 5 zaidi, na jumla inakuwa 12, yaani mtu 1 kati ya 6. Kama sukari ilimpanda yeye mwenyewe alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wake, na kliniki haikumpima, ni alama 5 nyingine. Jumla 17: mtu 1 kati ya 3.

Mwili ni ule ule na mama ni yule yule. Kilichombakisha kwenye 7 ni kutojua, nayo simu imekuhesabu kutojua kwake kuwa ni salama. Hapa ndipo penye roho ya jambo zima. Kule Finland, mwenye kujibu «hapana» kwa kawaida hujibu baada ya kupimwa. Katika mitaa yetu «hapana» mara nyingi ina maana ya «sijui», na chombo kisichokuwa na mlango wa «sijui» kitamtuliza mtu ambaye kilipaswa kumwamsha.

Lugha nayo ina mitego yake, na huu ni uwanja ambao sisi watu wa pwani tungeweza kuwasaidia sana watafiti lau wangetuuliza. Swali la kuushughulisha mwili likifasiriwa kwa neno «mazoezi», mama anayebeba mitungi ya maji na kupanda vilima vya Kibera atajibu kwamba hafanyi mazoezi, kwa maana kwake mazoezi ni mambo ya vijana wanaokimbia viwanjani. Simu itamwongezea alama 2 asizostahili. Swali la nasaba ni gumu zaidi. Kipimo kinatoa alama 5 kwa mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto, na alama 3 kwa babu, bibi, ami, mjomba, shangazi na binamu. Lakini kwetu aliyelelewa na mama mdogo humwita mama, na watoto wa baba mkubwa ni ndugu zake. Akiulizwa kama mama yake ana sukari, atamjibia nani? Aliyemzaa au aliyemlea? Jibu lake litakuwa la kweli kabisa, na alama zitakuwa za uongo.

Halafu kuna neno «hatari», ambalo wafasiri wamelizoea. Kumwambia mtu ana «hatari ya chini» ni kumwambia kwamba hatari anayo, ila ni ndogo. Naye atarudi nyumbani akitetemeka. Kumwambia ana «hatari ya asilimia 17» ni kumwachia fumbo. Mwambie: «Wanawake sita kama wewe, mmoja ataugua.» Hapo ataelewa, na atauliza afanye nini. Na katika maelezo ya Kifini mna hata matunda madogo ya msituni ambayo huko watu huyachuma wakati wa kiangazi. Mfasiri wetu sijui atayaita zambarau au kunazi.

Mitego kama hii haionekani ofisini. Ndiyo maana wenye fani hii wameweka utaratibu wanaouita jaribio la utumiaji. Haujaribiwi uhodari wa mtu, bali wepesi wa chombo. Mhudumu au mama hupewa simu, akaombwa afanye kazi fulani, kwa mfano kuandika umri na kusoma matokeo, huku akisema kwa sauti kila linalompitia akilini. Mtafiti huketi kando, akanyamaza, akaandika pale kidole kinaposita, pale jicho linapotafuta kitufe, pale mtu anaposoma swali mara tatu. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mtafiti akishaanza kueleza, jaribio limekwisha, kwa sababu siku chombo kitakapotumika kweli yeye hatakuwapo.

Mtaalamu Jakob Nielsen, pamoja na mwenzake Thomas Landauer, walionyesha mwaka 1993 kwa hesabu kwamba watu wachache tu hutosha kufichua kasoro nyingi, na tangu hapo imeenea kauli kwamba watu watano watafichua kiasi cha asilimia 85. Kauli hiyo wengi huitumia vibaya. Watano hao lazima wawe wa kundi lile lile litakalotumia chombo. Wanafunzi watano wa chuo kikuu hawawezi kumwakilisha mzee wa Kinubi wa Makina asiyeona maandishi madogo, wala msichana wa Kawangware anayezungumza Sheng, wala bibi aliyekwenda Nairobi kutoka Siyu kumuuguza mjukuu.

Na upo ugumu mwingine unaotokana na adabu zetu. Mgeni amekuja nyumbani na zawadi. Nani atamwambia usoni kuwa zawadi yake haifai? Mama ataonyeshwa simu, atatatizika nayo robo saa, kisha akiulizwa ataitikia kwamba ni nzuri sana, Mungu awabariki. Kuna hojaji maarufu ya sentensi 10 iliyotungwa na Mwingereza John Brooke mwaka 1986, ambayo hutolewa mwisho wa majaribio. Sentensi moja hukisifu chombo, inayofuata hukilaumu, na majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100; wastani unaozoeleka ni 68. Mwenye adabu ya kukubali kila neno, akasema «nakubali kabisa» kwa sifa na kwa lawama pia, hutoka na 50 kamili. Alama hiyo haielezi chombo. Inaeleza ukarimu wa mwenye nyumba. Kwa hiyo, dada zangu, mkijaaliwa kuulizwa, kusema «hapa sikuelewa» si utovu wa adabu. Ni ushahidi, nao ushahidi haufichwi, maana baada yenu watakuja maelfu wasioweza kusema.

Nisiache suala la sitara. Kiuno hakipimwi kwa kukisia, hupimwa kwa utepe, na matokeo ya utepe uliozungushwa juu ya buibui na kanga mbili hayana thamani. Apimwe basi na mwanamke mwenziwe, faraghani, ama afundishwe kujipima mwenyewe. Nyumba ya chumba kimoja, yenye pazia badala ya ukuta, haina faragha hiyo kwa urahisi, na mbunifu wa chombo hana budi kulifikiria hilo mapema. Vilevile matokeo. Simu katika nyumba nyingi ni ya watu wawili au watatu. Ujumbe unaosema kuwa binti wa nyumba hii yu karibu na kisukari ukisomwa na asiyehusika, posa inaweza kuvunjika. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa ni habari nyeti, na anayezikusanya kwa ridhaa yako lazima akueleze anazitaka kwa kazi gani. Ridhaa hiyo unaweza kuiondoa. Muulizeni mhudumu: jina langu linakwenda wapi? Mnayo haki ya kuuliza.

Tena lipo swali ambalo simu haiwezi kulijibu: baada ya alama, nini? Kumwambia mtu kuwa yu katika kundi la 1 kati ya 3, kisha kumwacha mlangoni, ni kumtwika mzigo bila kumwonyesha pa kuutua. Kibera inao mfano wa kheri. Madaktari Wasio na Mipaka walitibu hapo kisukari na presha pamoja na Ukimwi chini ya paa moja, mpaka mwaka 2017 walipoikabidhi kliniki ya Kibera South kwa serikali ya kaunti. Mgonjwa alipata kipimo, dawa na nasaha kwa safari moja. Kipima sukari kilichomo mkobani mwa mhudumu kinahitaji vijiti vya kupimia, na vijiti huisha. Kama vimekwisha, alama za simu ni maneno matupu. Mwenye kujaribu chombo ayajaribu na haya: ahesabu hatua kutoka kwenye alama mpaka kwenye tone la damu lililopimwa, na kutoka hapo mpaka kwa daktari.

Nimeacha mwisho lile linalotugusa Waislamu kwa namna ya pekee, nalo ni Ramadhani. Utafiti mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa Waislamu wapatao 12,000, ulionyesha kuwa wengi wa wenye kisukari hufunga, na kwamba kushuka kwa sukari kwa hali ya kutisha kuliongezeka katika mwezi huo: mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wa aina ya pili. Kutokana na elimu ya namna hii, mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na wenzao walitoa mwongozo wenye kipimo cha kukisia madhara ya kufunga. Huulizwa aina ya kisukari, miaka ya kuugua, dawa, figo, mimba, saa za kufunga na kazi ya sulubu. Alama hadi 3 ni daraja la chini, kutoka 3.5 hadi 6 ni la kati, na zaidi ya 6 mgonjwa hushauriwa asifunge.

Mwenyezi Mungu katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na wapo wenye udhuru wa kudumu ambao hutoa fidia. Ruhusa hiyo ni sadaka ya Mola, na kuikataa huku nafsi inaangamia hakuna thawabu ndani yake. Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Jabir kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini akapatwa na janaba; wenzake walimwambia hawamwoni kuwa na ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwalaumu vikali kwa kutoa hukumu wasiyoijua badala ya kuuliza. Simu haitoi fatwa, wala jirani hatoi fatwa. Daktari mwaminifu hueleza hali ya mwili, na mwenye elimu ya dini hujenga hukumu juu ya maelezo hayo.

Hata kipimo hiki cha Ramadhani chahitaji kujaribiwa na watu wetu. Saa za kufunga zikifika 16 huongeza alama, na kwetu karibu na ikweta swali hilo lina jibu moja mwaka hata mwaka. Swali la kazi ya sulubu ndilo la kuangaliwa. Kazi nzito ina alama 4, ya wastani ina 2. Mama aliyeamka saa tisa za usiku kukanda unga, akachota maji, akakaanga mahamri ya kuuza mpaka magharibi, ukimuuliza kazi yake atajibu: «Mimi sina kazi, niko nyumbani tu.» Simu itaandika sifuri. Mwongozo unataka mgonjwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo, yaani ndani ya nusu ya kwanza ya mwezi wa Rajabu. Atakayemsindikiza mama huyo kliniki siku hiyo amtajie daktari na hayo mahamri.